Taji Baada ya Hesabu

Diwani aliyepigania bustani ya mtaa, uwanja wa mpira au ufukwe wa umma hufika siku akaitwa mbele ya watu ashukuriwe. Hupewa cheti au ngao, huvishwa shuka mabegani, na mara nyingine jina lake huandikwa langoni. Jambo lenyewe huonekana dogo, la adabu tu. Hata hivyo ndani yake limo swali lililowashughulisha wanafalsafa na walimu wa dini kwa zaidi ya miaka 2000. Ardhi ni ya wananchi. Fedha za kuitengeneza ni kodi yao. Diwani naye hulipwa posho kwa kuhudhuria vikao vilevile vilivyopitisha mradi. Sasa anashukuriwa kwa lipi?

Jibu kali kuliko yote limo katika Injili ya Luka, sura ya 17. Yesu anawauliza wanafunzi wake kama yupo bwana anayemshukuru mtumwa aliyerudi kutoka kulima au kuchunga, eti kwa kuwa ametimiza alichoagizwa. Kisha anawafundisha kwamba nao, wakishamaliza yote waliyoamriwa, wajione kuwa watumishi waliofanya lililowapasa, basi. Fundisho hilo likipelekwa kwenye ukumbi wa halmashauri, hoja yake inaeleweka upesi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja bustani za kaunti, fukwe na sehemu za burudani miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mwakilishi wa wadi, yaani diwani wa huko, anayezishughulikia hafanyi hisani. Anafanya kazi aliyoiomba mwenyewe jukwaani, akaahidi kuifanya, akapigiwa kura kwa ahadi hiyo.

Uislamu nao una onyo lake. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari kuna habari za mtu wa kabila la Azd aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi Madina aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko. Swali hilo lina uzito hata leo, kwa sababu linamtenga mtu na kiti alichokalia. Ngao nyingi wanazopokea waheshimiwa zisingetolewa kama wangekuwa nyumbani kwa mama zao.

Lakini katika mapokeo hayohayo ya Kiislamu, Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea fundisho la Mtume kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Mafundisho haya hayapigani, ila yanasemwa kwa watu tofauti. Luka anazungumza na mtumishi: asidai, asijione amemkopesha mtu. Hakuna mahali anapowaambia waliohudumiwa wanyamaze. Hadithi ya shukrani inazungumza na aliyepokea: wema umepita mkononi mwa mja fulani, na kujifanya kutoliona ni kumkana pia aliyeuleta. Basi diwani anayeitisha sherehe ya kujipongeza amekosea, na wakazi wanaomwacha aondoke madarakani bila neno jema, baada ya kuwaachia kivuli na mahali pa watoto kukimbia, wamekosea vilevile. Kiswahili kina methali ya watu wa namna hiyo, ile inayosema shukrani ya punda ni mateke.

Inabaki kujua wema huo uko wapi ikiwa kila kitu ni wajibu. Mwanafalsafa wa Roma, Seneca, katika kitabu chake kuhusu hisani alichokiandika karne ya 1, alilichukua swali hili kwa mfano mgumu kuliko wa diwani. Aliuliza kama mtumwa anaweza kumfanyia bwana wake hisani. Waliokataa walisema hawezi, kwa kuwa chochote atakachofanya tayari ni haki ya bwana. Seneca alijibu kwamba upo mpaka wa yale ambayo mtumishi anaweza kulazimishwa, na kila anachokifanya kwa hiari yake ng'ambo ya mpaka huo ni hisani kamili, hata kama aliyeitenda ni mtumwa.

Kazi ya diwani imejaa ng'ambo hiyo. Kanuni zinaweza kumlazimisha kuhudhuria kikao, lakini haziwezi kumlazimisha kuamka alfajiri akaangalie kama maji ya mvua yanatuama golini. Hazimlazimishi kuifungua ramani ya mipango miji na kugundua kuwa kiwanja kilichoandikwa eneo la wazi kimepewa namba ya mtu binafsi. Wala hakuna adhabu kwa diwani anayenyamaza pale mwekezaji anapoleta faili lililokwisha kupitishwa kwa kila meza. Ukimya wa namna hiyo ndio njia rahisi, na mara nyingi ndio unaolipa. Anayeuvunja ametoa kitu ambacho hakuna kodi iliyokinunua.

Kabla ya kumpa mtetezi wa bustani heshima, ni lazima pia ijulikane kama bustani yenyewe ina thamani hiyo. Watu wengi wacha Mungu, na wengi wasio wacha Mungu, huiona burudani kuwa anasa inayongoja barabara, zahanati na maji viishe kwanza. Maandiko hayakubaliani nao moja kwa moja. Nabii Zekaria, sura ya 8, anapoeleza mji wa Yerusalemu utakavyokuwa Mungu atakapourudia, hachori ikulu wala ngome. Anachora wazee wa kiume na wa kike wameketi katika viwanja vya mji, kila mmoja na mkongojo wake kwa wingi wa siku zake, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hicho ndicho kipimo chake cha mji uliobarikiwa. Katika hadithi za Kiislamu, Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume akamsitiri mkewe, Bi Aisha, kwa shuka lake ili atazame mpaka achoke mwenyewe. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle naye alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate faragha ya kuishi, kama wanavyopigana vita ili wapate amani.

Miji ya Waswahili ililijua jambo hili kabla ya kuwa na idara za bustani. Baraza la Lamu, Mombasa au Unguja ni ukuta wa mtu binafsi ulioazimwa mtaa mzima: hapo huchezwa bao na karata, hunywewa kahawa, husuluhishwa ugomvi. Lakini mpangaji wa chumba kimoja hana ukuta wa kuazima. Baraza lake ni uwanja. Anayeitazama bustani ya Forodhani jioni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, vijana wakijitosa baharini kutoka ukutani, familia zimetandika mikeka, moshi wa mishkaki ukichanganyika na harufu ya juisi ya miwa, haoni anasa. Bustani hiyo ilitengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, na wanaoijaza wengi wao hawana ua nyumbani.

Hapo ndipo suala la burudani linapokuwa suala la haki. Omar bin Khattab, alipokuwa khalifa, alimweka mtu aitwaye Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya umma. Agizo lake limehifadhiwa na Bukhari: awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini asiwape nafasi mifugo ya matajiri kama Abdulrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwa maana hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia, na maskini hana pa kurudia. Msimamizi wa bustani ya leo yuko katika nafasi ya Hunayy. Mwenye bwawa na majani nyuma ya geti lake haumii sana uwanja wa mtaa ukiuzwa. Anayeumia ni mtoto ambaye nje ya mlango wake kuna mtaro na barabara ya magari.

Ugumu mkubwa wa kumheshimu mtetezi wa bustani ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haionekani. Aliyejenga daraja ana daraja la kuonyesha. Aliyezuia jengo lisijengwe katikati ya bustani ana kitu kilekile kilichokuwapo jana: nyasi. Hakuna utepe wa kukata kwa ghorofa ambalo halikusimama, wala jiwe la msingi la kuzindua. Mtoto anayezaliwa baada ya hapo ataikuta bustani akadhani iko hapo kama mlima ulivyo mahali pake.

Nairobi inafundisha hivyo mara mbili. Mwaka 1906, A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliwapa wakazi wa mji uliokuwa bado mchanga bustani inayobeba jina lake. Ilikuwa zawadi kamili, inayokaribia kabisa maana ya wakfu: mali ya mtu inayotolewa isimame, manufaa yake yatiririke. Miaka 85 baadaye, mwaka 1991, ulitolewa mpango wa kuifanya maegesho ya magari ya ghorofa na maduka. Mjukuu wa mtoaji, mwandishi Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele wa waliopinga, na mpango ukafa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969, ungejengwa mnara wa ghorofa 60 wa gazeti na chama tawala. Aliandika barua ofisi baada ya ofisi, akaenda mahakamani, kesi ikatupwa, na bungeni akakejeliwa na watu waliochaguliwa kuitunza mali ya umma. Wafadhili wa kigeni walipojitoa, mradi uliachwa.

Katika visa hivyo viwili heshima haina utata. Jeevanjee alitoa cha kwake. Maathai hakuwa na cheo chochote cha umma wakati ule, na alichohatarisha kilikuwa usalama wake. Utata huanza pale mlinzi anapokuwa ndani, ana kura, mhuri na bajeti. Kisa kinachoufafanua vizuri kuliko vyote ni cha Athens ya karne ya 4 KK, mji uliochagua viongozi wake kila mwaka na uliopenda kuwavisha mataji ya dhahabu.

Mwaka 336 KK, raia aitwaye Ctesiphon alipendekeza mwanasiasa Demosthenes avishwe taji mbele ya umati katika ukumbi wa maigizo. Demosthenes alikuwa amesimamia ukarabati wa kuta za mji, na pia alikuwa na wadhifa katika mfuko uliowalipia wananchi wa kawaida kiingilio cha maigizo ya sikukuu, jambo ambalo leo lingewekwa chini ya idara ya utamaduni na burudani. Mpinzani wake, Aeschines, alifungua kesi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya kisheria: Athens ilikataza kumvisha taji kiongozi ambaye hesabu zake hazijakaguliwa. Aliwakumbusha waamuzi kwamba katika mji wao hata makuhani walitoa hesabu, ingawa walichoshika kilikuwa dua tu. Demosthenes alijibu kwamba taji lilikuwa shukrani kwa fedha alizozitoa mfukoni mwake, na zawadi haikaguliwi. Kesi ilisikilizwa mwaka 330 KK. Aeschines hakupata hata sehemu moja ya tano ya kura, akahama mji.

Demosthenes alishinda, na hotuba yake inasomwa mpaka leo. Lakini kuhusu swali lenyewe, Aeschines alikuwa sahihi. Kiongozi anayetoa cha kwake akiwa kwenye kiti hukichanganya na cha umma kiasi kwamba hakuna anayeweza kuvitenganisha bila mkaguzi, na shangwe ikishapigwa, mkaguzi anayekuja baadaye huonekana msaliti. Sheria ya Athens iliilinda heshima yenyewe. Ilitaka taji liwe ushahidi kwamba hesabu imepita, lisitumike kama pazia la kuificha.

Mji huohuo, katika kizazi hichohicho, ulikuwa na mfano wa namna jambo hilo linavyofanywa vizuri. Lycurgus alisimamia hazina ya Athens kwa muda wa miaka 12 hivi. Aliukamilisha uwanja wa michezo wa Panathenaia, akajenga ukumbi wa mazoezi pale Lykeion na kupanda miti kuuzunguka. Ni Lykeion hiyohiyo ambako Aristotle alifundisha kuanzia mwaka 335 KK, na wanafunzi wake walijulikana kwa kutembea huku wakijadili. Maelezo ya maisha ya Lycurgus yaliyohifadhiwa pamoja na maandishi ya Plutarch yanasema kwamba aliandika matendo yote ya utawala wake kwenye bamba la jiwe, akalisimamisha mbele ya ukumbi wa mazoezi alioujenga, kila apitaye asome. Alipokaribia kufa aliomba abebwe mpaka baraza la mji atoe hesabu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejitokeza kumshitaki. Lycurgus akajibu kila shitaka, akabebwa kurudishwa nyumbani, akafariki. Heshima kuu ya mji, pamoja na sanamu ya shaba sokoni, aliipata mwaka 307 KK, kiasi cha miaka 17 baada ya kifo chake.

Kitu cha kutazamwa hapo ni lile jiwe. Viwanja vingi vina mabamba langoni, na karibu yote yanasema nani alizindua na tarehe gani. Bamba la Lycurgus lilisema fedha zilikwendaje. Hilo la pili ndilo linalomfanya mpita njia aweze kushukuru kwa akili timamu.

Kiswahili chenyewe kimebeba kumbukumbu ya heshima iliyogeuzwa kichwa chini. Neno takrima linatoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kumtukuza mtu, kumkirimu. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura kwa jina la mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyabatilisha masharti hayo kuwa kinyume cha katiba. Neno zuri lilikuwa limeanza kunuka rushwa, na bado halijasafika kabisa. Kosa lake lilikuwa la wakati na la mwelekeo. Heshima ilitoka juu kwenda chini, ikatangulia kazi badala ya kuifuata. Sherehe ya kumpongeza diwani wiki chache kabla ya uchaguzi, hata ikiwa imeandaliwa na wakazi wenyewe kwa nia safi, hukaribia ugonjwa huohuo. Katiba ya Kenya imejaribu kuziba mwanya mmoja: ibara ya 76 inasema zawadi anayopewa ofisa wa serikali katika hafla ya umma ni zawadi kwa Jamhuri, naye anapaswa kuikabidhi.

Kinachobaki kwake ni heshima tupu, na Aristotle aliona kwamba hivyo ndivyo inavyofaa. Katika kitabu chake cha maadili anasema mtawala mwadilifu huchuma kwa ajili ya wengine, kwa hiyo apewe malipo, na malipo hayo ni heshima. Wasiotosheka nayo ndio wanaogeuka madhalimu. Mahali pengine anaongeza kwamba mtu hawezi kuchukua mali ya umma na heshima ya umma kwa pamoja. Hiki ni kipimo kinachofaa kwa halmashauri yoyote. Diwani aliyepata kiwanja chake pembeni mwa bustani aliyoitetea amekwisha kulipwa.

Heshima pia huchakaa ikimwagwa ovyo. Mwishoni mwa karne ya 1 BK, msemaji Mgiriki Dio Chrysostom aliwahutubia watu wa kisiwa cha Rhodes waliokuwa na desturi ya kuchukua sanamu ya zamani, kufuta jina lililochongwa chini yake na kuandika jina la mheshimiwa mpya. Walidhani wanaokoa gharama. Dio aliwaonyesha kwamba wanamdhulumu marehemu na kumdanganya aliye hai, maana naye atafutwa kwa patasi ileile. Uwanja unaobadilishwa jina kila anapoingia kiongozi mwingine hauna tofauti na sanamu za Rhodes, na kwa sababu hiyo kuupa jina la mtu aliye bado madarakani ni kumtendea vibaya hata yeye mwenyewe.

Basi diwani anastahili shukrani kwa yale aliyoyachagua ng'ambo ya wajibu wake, hasa kwa kukataa pale ambapo kukubali kungemfaidi. Anastahili baada ya hesabu kuonekana, kutoka kwa wanaoutumia uwanja, na bila kitu mkononi kinachoweza kuuzwa. Mcheza kwao hutunzwa, na wanaomtunza ni wale waliomwona akicheza: mwalimu wa shule aliyepata mahali pa mazoezi, mzee wa bao, kocha wa watoto wasio na viatu. Maneno yao machache kwenye kikao cha mtaa yanatosha, yakiandikwa kwenye kumbukumbu pamoja na mapato na matumizi ya mradi.

Wangari Maathai alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na akafariki Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Tarehe 8 Oktoba 2011 ibada yake ya mazishi ya kitaifa ilifanyika Uhuru Park, na waombolezaji walisimama kwenye nyasi za bustani ileile iliyokusudiwa kujengwa ghorofa 60.